Kitanda Kikiita Usiku, Nani Ataitika?

Nimeelezwa kwamba baadhi yenu, wafanyabiashara wa Kariakoo na majirani wa Gerezani, Jangwani na Upanga, mnafikiria kuchanga fedha zinunuliwe vitanda janja vya hospitali, vile vinavyomwangalia mgonjwa na kumwamsha muuguzi hatari inapokaribia. Mimi ni muuguzi mstaafu, na sehemu kubwa ya maisha yangu imepita wodini, zaidi katika zamu za usiku. Kwa hiyo nimelichukua jambo hili kwa uzito. Navitaka vitanda hivyo. Lakini nataka tuvinunue pamoja na kitu kingine ambacho muuzaji hatawaambia, kwa sababu yeye hakiuzi.

Mfanyabiashara kuwafikiria wagonjwa si jambo geni katika mji huu. Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, ndiye aliyetoa fedha za kujengea hospitali hapa Dar es Salaam, ikabeba jina lake miaka mingi. Mwaka 1956 ilipofunguliwa ile ya Upanga, ikiitwa wakati huo Princess Margaret, huduma zilihamia huko, na sasa tunaiita Muhimbili. Lakini jina la yule mzee halikupotea. Ukifika leo ukasema mgonjwa wako kalazwa Sewahaji, hakuna atakayekuuliza ni wapi. Basi mnafuata njia iliyokwisha kukanyagwa.

Kwanza, kitanda chenyewe kinafanyaje kazi? Kuna vihisi vya uzito kwenye fremu. Vinajua mgonjwa amelala katikati, ameegemea ukingoni, au ameanza kuteremsha miguu. Kuna kihisi kingine, bapa kama kitabu chembamba, kinachowekwa chini ya godoro wala hakimgusi mgonjwa. Kila moyo unaposukuma damu, mwili mzima hutikisika kidogo sana, mtikisiko ambao jicho haliuoni. Kila pumzi nayo huinua kifua na kulisukuma godoro. Kihisi hupokea mitikisiko hiyo, na kompyuta ndogo huichambua: huu ni moyo, hii ni pumzi, huku ni kujigeuza. Namba zinakwenda kwenye skrini iliyo meza ya wauguzi au kwenye simu ya muuguzi wa zamu. Zikipita kiwango kilichowekwa, kengele inalia. Vitanda vingine hukumbusha pia kwamba mgonjwa amelalia upande mmoja muda mrefu, au kwamba kichwa cha mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia kimeshushwa kuliko inavyotakiwa.

Katika hayo yote, mimi ningelipia pumzi kabla ya kitu kingine chochote. Mtu hazidiwi ghafla kama tunavyosimuliana misibani. Saa nyingi kabla moyo haujasimama, mwili huwa umeshatoa taarifa, na mara nyingi pumzi ndiyo hutangulia kubadilika. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akifika 25, katika mfumo wa alama za tahadhari ambao Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha Uingereza kiliutoa mwaka 2012 na kuufanyia marekebisho mwaka 2017, hupewa alama 3 kwa kipimo hicho peke yake, na hiyo ndiyo alama ya juu kabisa. Zikijumlishwa alama za pumzi, oksijeni, presha, mapigo, joto na fahamu zikafika 7, hiyo ni dharura. Lakini kuhesabu pumzi kunataka usimame dakika nzima umtazame kifua mtu mmoja. Muuguzi mwenye wodi iliyojaa haipati dakika hiyo kwa kila mgonjwa. Fungueni mafaili ya wodi nyingi duniani, si hapa tu, mtaona namba 20 imeandikwa kitanda baada ya kitanda, kana kwamba wagonjwa wote wamekubaliana. Kihisi cha chini ya godoro hakichoki kuhesabu.

Sasa niseme kuhusu usiku, maana hapo ndipo penye shida yetu wana Dar es Salaam. Mchana mgonjwa wetu hana upweke. Asubuhi anakuja dada na uji, mchana shemeji na wali, jioni mama mdogo na nusu ya mtaa. Hawa wote wanamjua mgonjwa kuliko daktari anavyomjua. Wanajua kwamba jana alitania na leo hatanii. Kisha saa za kutazama wagonjwa zinakwisha, mlinzi anawaomba watoke, na katika hospitali zetu kubwa watu wazima wengi hubaki bila ndugu hadi kesho yake. Madaktari wa mzunguko wameshaondoka. Wauguzi wa usiku ni wachache kuliko wa mchana. Kati ya saa sita usiku na alfajiri mgonjwa anayeanza kuzidiwa huwa amelala kimya, na kimya chake kinafanana na usingizi. Mkiniuliza thamani ya kitanda janja kwa mji huu iko wapi, nitawaambia iko kwenye saa hizo.

Kariakoo inajua kwa uchungu kwa nini jicho la usiku linahitajika. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapa kwetu, asubuhi, watu wakiwa kazini. Zaidi ya watu 20 walifariki, na zaidi ya 80 waliokolewa wakiwa hai, baadhi yao baada ya kukaa chini ya kifusi zaidi ya siku moja. Majeruhi walipelekwa Amana, Mnazi Mmoja na Muhimbili. Nilipokuwa nawaona watu wanashangilia kila mara mtu anapotolewa, nilishangilia nao, lakini moyo wa muuguzi ulikuwa unafikiria usiku utakaofuata. Misuli iliyobanwa saa nyingi ikiachiliwa, humwaga potasiamu na takataka nyingine kwenye damu. Figo zinaweza kuziba, moyo unaweza kwenda mrama, na yote hayo yakamtokea mtu ambaye jioni alikuwa anazungumza na kuomba chai. Majeruhi wa namna hiyo anahitaji jicho lisilofumba kwa siku kadhaa. Mji wenye maghorofa mengi kiasi hiki, yenye watu wengi kiasi hiki ndani yake, una haki ya kutaka jicho hilo liwepo.

Lakini jicho ni nusu ya kazi, na Muhimbili wenyewe wametupa ushahidi.

Katika chumba cha wagonjwa mahututi pale, madaktari wa Kitanzania wakishirikiana na wenzao wa Sweden, akiwemo Tim Baker, walifanya jambo rahisi na kulichapisha mwaka 2015. Hawakuleta mashine mpya ya ajabu. Waliweka mstari wa hatari kwa kila kipimo: pumzi, oksijeni, presha, mapigo, fahamu. Kisha wakaandika kwa ufupi nini kifanywe palepale mstari ukivukwa, hata kabla daktari hajafika. Presha imeshuka, anza dripu. Oksijeni imeshuka, weka oksijeni. Baada ya hapo hatua zilizochukuliwa kwa wagonjwa wenye dalili za hatari ziliongezeka. Na miongoni mwa waliofika presha yao ikiwa chini, vifo vilipungua. Kwa wagonjwa wote kwa jumla tofauti haikuwa kubwa ya kutosha kuthibitisha kitu, na watafiti walisema hivyo waziwazi. Ninachokiona mimi ni kwamba namba zilikuwa zikiandikwa tangu zamani. Kilichoongezwa ni ruhusa na maelekezo ya kufanya kitu baada ya kuandika.

Mwaka 2025 ukatoka utafiti mkubwa zaidi, wa hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika, uliowatazama wagonjwa karibu 20,000. Mmoja katika kila wanane alikuwa mahututi. Theluthi mbili ya mahututi hao hawakuwa katika vyumba vya mahututi, walikuwa katika wodi za kawaida, kitanda kwa kitanda na waliosubiri ruhusa ya kurudi nyumbani. Na mmoja kati ya watano alifariki ndani ya siku saba. Kati ya wale ambao upumuaji wao ulikuwa umeshindwa, waliokuwa wamewekewa oksijeni hawakufika nusu. Kati ya wale ambao fahamu zao zilikuwa zimeshuka, waliolazwa ubavu au kusaidiwa njia ya hewa isizibe nao hawakufika nusu. Kumlaza mtu ubavu hakuhitaji shilingi hata moja, kunahitaji mikono na mtu anayejua. Nilipousoma utafiti ule niliuweka mezani nikatoka nje kwa muda. Kitanda janja kingeweza kumwambia muuguzi kwamba pumzi ya mgonjwa inakwenda vibaya. Kama mtungi wa oksijeni ni mtupu, kimemwambia nini?

Mfano ulio karibu kabisa na hiki kitanda chetu ni kifaa kiitwacho Moyo. Kilitengenezwa na Laerdal Global Health ya Norwei, na sehemu kubwa ya majaribio yake ilifanyika Tanzania. Ni kifaa kidogo chenye mkanda anaofungwa mama mjamzito tumboni wakati wa uchungu, kinafuatilia mapigo ya moyo wa mtoto na kulia yakienda vibaya. Zamani mkunga alitegemea kile kipembe cha kusikilizia tumboni, akija na kuondoka. Kina Benjamin Kamala na Hussein Kidanto na wenzao walikifuatilia Muhimbili, wakachapisha mwaka 2018. Mapigo yasiyo ya kawaida yalitambuliwa mara nyingi zaidi, na wakunga walifuatilia kwa ukaribu zaidi. Akina mama waliohojiwa walisema walipata faraja kusikia mtoto anaishi. Hata hivyo, hali ya watoto waliozaliwa haikubadilika kwa kiasi cha kutangaza ushindi. Mtu aliyewahi kufanya kazi wodi ya wazazi haoni ajabu. Mtoto anapochoka tumboni, kati ya kengele na kisu kuna daktari wa kuamua, chumba cha upasuaji kilicho wazi, mtaalamu wa usingizi, damu, na mtu wa kusukuma kitanda. Kimoja kikikosekana, kengele imewaongezea watu hofu na imeishia hapo.

Tena kengele ikizidi, inaua. Sitii chumvi. Taasisi ya Joint Commission, inayokagua hospitali za Marekani, ilitoa onyo mwezi Aprili 2013: kati ya Januari 2009 na Juni 2012 iliripotiwa matukio 98 ya madhara yanayohusiana na kengele za vifaa, na 80 kati yake yaliishia kwenye kifo. Onyo hilohilo lilisema kwamba kati ya kengele 100, kuanzia 85 hadi 99 huwa hazihitaji mtu kufanya lolote. Kihisi kimeteleza, mgonjwa amekohoa, waya umelegea. Sikio la binadamu hujifunza haraka kutosikia kinacholidanganya, na ndipo ile moja ya kweli inapolia bila mtu kugeuka. Wale wa Marekani walikuwa na wauguzi wengi kuliko sisi. Kwa hiyo nani atapanga kiwango cha kengele, na nani ana mamlaka ya kukibadili kwa mgonjwa fulani, ni maswali ya kujibiwa kabla kontena halijafika bandarini.

Juu ya kuanguka kitandani nitasema kwa ufupi. Wauzaji hupenda sana kuonyesha kengele ya mgonjwa anayetaka kushuka. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa hospitali moja ya Marekani uliohusisha wodi 16. Kengele hizo zilitumika zaidi, watu wakaendelea kuanguka vilevile. Mzee anayeamka kwenda chooni hangojei muuguzi avuke wodi nzima. Mpeni taa, mpeni reli ya kushika, mumpeleke chooni kabla hajabanwa. Msilipie sana kipengele hicho.

Ndugu zangu wa Kariakoo, mnajua kununua. Mtu akikuletea jenereta mpya kutoka ng'ambo humuulizi rangi yake. Unauliza spea zipo, fundi yupo, mafuta inakula kiasi gani, na ikiharibika nitarudi kwa nani. Maswali hayohayo yaulizeni juu ya kitanda. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walikusanya takwimu za nchi zenye kipato kidogo wakakuta takriban asilimia 40 ya vifaa tiba havifanyi kazi. Nenda nyuma ya hospitali yoyote kongwe utakuta makaburi yake: skrini zilizopasuka, mashine za msaada ambazo hazikuwahi kuwashwa mara ya pili. Kitanda janja kina betri inayozeeka, programu inayotaka leseni, na nyaya zinazochoka kwa joto na chumvi ya bahari yetu. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, saketi ndizo huumia kwanza. Kwa hiyo mkataba wa matengenezo wa miaka mitano uandikwe katika bei, fundi wa vifaa tiba wa hospitali afundishwe na kupewa vipuri, na kifaa kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Msipopata hayo, nunueni vitanda vya kawaida vinavyoinuka kwa mkono. Vitadumu.

Kuna jambo ambalo mhandisi wa Ulaya hawezi kulijua bila kuambiwa. Wodi zetu za wazazi, msongamano ukizidi, zimewahi kuwalaza mama wawili kitanda kimoja pamoja na vichanga vyao. Kihisi cha uzito kitasoma nini hapo? Moyo wa nani? Nyakati nyingine godoro lilitandikwa sakafuni. Kitanda cha gharama kubwa kinamwona mtu mmoja tu, wa katikati, aliyelala peke yake. Ndiyo maana navutiwa zaidi na kile kihisi cha godoro kinachoweza kuhamishwa, kuliko kitanda kizima. Majirani zetu wa Nairobi wamekwisha kujaribu: kihisi cha EarlySense, kampuni ya Israeli iliyoiuzia kampuni ya Hillrom teknolojia yake mwaka 2021, kilifanyiwa tathmini kwa watoto wachanga katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, na vifaa vya kufuatilia vichanga vikapelekwa pia Pumwani, hospitali ya wazazi ya umma yenye pilikapilika kama za kwetu. Huo ndio mwendo ninaoupenda: jaribu katika wodi iliyojaa, kwa wakunga walewale wa kila siku, ndipo ununue.

Kazi moja ya kitanda naitetea bila sharti, nayo ni kuzuia vidonda vya kulala. Vijana wa bodaboda wanaovunjika uti wa mgongo wanaijua MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, vizuri. Wengi wao hawahisi kuanzia kiunoni kwenda chini. Mahali mfupa unapoigandamiza ngozi kwenye godoro, damu haipiti, na nyama inaanza kufa bila mwenyewe kusikia maumivu. Kanuni ya kale ya uuguzi ni kumgeuza kila baada ya saa mbili. Kidonda kikishachimbika kinakaa miezi, kinaingia usaha, kinafika mfupani, kinaweza kumuua kijana aliyenusurika ajali yenyewe. Kitanda kinachojua saa na dakika aliyogeuzwa mara ya mwisho, na godoro la hewa linalobadilisha mgandamizo lenyewe, vingewaokoa wengi. Hapa hata kengele haihitaji kulia. Taa ndogo inayobadilika rangi miguuni pa kitanda inatosha, kila anayepita aione, muuguzi, mhudumu au mke wa mgonjwa.

Nimemtaja mke kwa makusudi. Vifaa hivi vimebuniwa kwa hospitali ambazo mgonjwa hana ndugu kando yake. Sisi tunaye. Kwa nini skrini ya kitanda izungumze Kiingereza cha kitabibu na mtu aliye umbali wa mita ishirini, wakati aliye umbali wa mkono ni binti yake anayesoma Kiswahili? Sisemi afanye kazi ya muuguzi, na taarifa za mgonjwa zina sheria yake, ya mwaka 2022, inayolinda taarifa binafsi. Lakini mgonjwa akiridhia, kuna mambo machache ambayo ndugu anaweza kuonyeshwa siku ya kwanza ya kulazwa. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Akipumua mara 25 au zaidi, akishindwa kumaliza sentensi, akiwa mgumu kuamka, akichanganyikiwa ghafla, mikono ikiwa ya baridi na yenye jasho, usingoje mzunguko wa asubuhi, mwite muuguzi sasa hivi. Na muuguzi naye afundishwe kwamba ndugu akiita, hasumbui. Katika kazi yangu yote, maneno niliyojifunza kuyaogopa kuliko kengele yoyote ni ya mama anayesema, "Dada, mwanangu leo si yeye."

Basi pendekezo langu kwa mchango wenu ni hili. Chagueni wodi moja ya kawaida katika hospitali moja ya umma ya hapa katikati ya mji. Vihisi vichache, kwa wagonjwa walio katika hatari zaidi na kwa saa za usiku kwanza. Kwa kila shilingi ya kifaa, shilingi nyingine iende kwenye kinachokiitikia: mitungi ya oksijeni iliyojaa na inayokaguliwa kila jioni, dripu ndani ya wodi badala ya stoo iliyofungwa, mafunzo, na mazungumzo mazito na Halmashauri ya Jiji juu ya kuongeza muuguzi wa zamu ya usiku, maana huyo hanunuliwi kwa mchango wa mara moja, anahitaji ikama na mshahara. Pawepo karatasi ya mistari ya hatari kama ile ya Muhimbili, imebandikwa ukutani kwa Kiswahili.

Kisha, badala ya kuletewa ripoti inayosema vitanda vingapi vimewekwa na nani alikata utepe, daini namba moja kila mwezi: tangu kengele ilipolia mpaka mkono wa mtu ulipomgusa mgonjwa, zilipita dakika ngapi, mchana, na ngapi usiku? Kitanda chenyewe kinaweza kuirekodi. Ningependa namba hiyo iandikwe kwa kalamu nene mlangoni pa wodi, mahali ambapo ndugu wanaoleta uji asubuhi wataisoma.